Kirefu Chake Nini?

Nchi yetu ina jina, tena jina zuri, lakini lilifupishwa mara tatu katika utawala mmoja mpaka likabaki herufi moja, na herufi yenyewe ni siri ya serikali. Kwa hiyo, msomaji, uniwie radhi, nitasema tu "nchi yetu". Mimi ni karani wa mahakama ya wilaya. Kazi yangu ni kuandika yanayosemwa, si kuyafikiria, na namshukuru Mungu kwa mgawanyo huo wa kazi.

Yote yalianza na pilau. Siku ya kuapishwa kwa Mtukufu Mlezi wa Taifa, mshereheshaji alisimama kuzitambulisha taasisi zilizohudhuria. Akazisoma kwa majina yao kamili: wizara, tume, mamlaka, mabaraza, kamati, na kamati za kuzisimamia kamati. Alianza saa nne asubuhi. Ilipogonga saa nane mchana alikuwa bado hajazifikia bodi. Pilau likapoa. Kuku wa kukaanga wakapoteza sura. Mtukufu, ambaye hana tabia ya kulalamika mbele za watu, alisikika akimwambia msaidizi wake, "Hawa wangekuwa na majina mafupi tungekuwa tumeshakula."

Katika nchi nyingine hayo yangekuwa maneno ya mtu mwenye njaa. Kwetu yakawa sera. Kesho yake ikatoka Amri ya Ufupisho: kila taasisi ya umma itajulikana kwa kifupi chake tu, na mtu yeyote atakayeandika, kutamka au kubandika kirefu cha jina la serikali bila kibali atakuwa ametenda kosa. Majina ya Mtukufu mwenyewe hayakuguswa. Yaliongezwa mawili, ili nchi isije ikapungukiwa na maneno.

Tukatii. Sisi ni watu watiifu. Tume ya Mabomba, ile iliyotakiwa kutuletea maji, ikaitwa TUMBO. Wizara ya Zimamoto ikaitwa WIZI, na lazima nikiri kwamba ndiyo wizara pekee ambayo wananchi walikishika kifupi chake siku hiyohiyo bila semina. Chama tawala, Chama cha Waadilifu, kikawa CHAWA, na wanachama wakalivaa neno hilo vifuani kwa uzi wa dhahabu. Taarifa ya habari redioni ikawa hivi: "TUMBO imekanusha. WIZI inachunguza. CHAWA wamepongeza." Dakika moja, kisha muziki.

Waziri alisema bungeni kwamba waasisi wa sera hii ni vijana, maana wao walikwisha kuanza zamani kwenye simu zao: "sijui" wakaiandika "cjui", "tupo" wakaiandika "2po". Ni kweli. Tofauti ni ndogo tu. Vijana walifupisha ili wafikishiane neno haraka. Serikali, kwa ninavyoona, haikuwa na haraka ya kufika.

*

Katika mtaa wa Kisimakavu aliishi mchora mabango aitwaye Chande Mtepa, na mkewe Siwatu, fundi cherehani wa sare za shule. Chande alikuwa mtu mpole, mwenye kucha zenye rangi daima. Alichora duka, kinyozi, bucha, saluni, na hakuwahi kukosea herufi. Watu wa TUMBO walipotaka bango jipya wakamwita yeye.

Ofisa akampa kikaratasi chenye herufi tano.

"Kirefu chake nini?" Chande akauliza.

Hakuuliza kwa siasa. Bango lilikuwa na upana wa mita nne, na herufi tano zingekaa hapo kama wageni waliofika harusini siku isiyo yake.

"Wewe paka rangi," ofisa akamjibu.

Chande akapaka. Akaandika TUMBO kwa rangi nyekundu, akarudi nyuma hatua tatu, akatazama. Palikuwa na pengo chini. Fundi hawezi kuacha pengo. Akachukua brashi ndogo, na kwa herufi za buluu za kulala, akaandika alichokumbuka tangu zamani: *Tume ya Mabomba*.

Sasa ujue kwamba mifereji ya Kisimakavu ilikuwa mikavu kwa miaka mitatu, na kwa miaka hiyo mitatu ofisi ile ilikuwa palepale, kati ya bucha na kinyozi. Watu walidhani ni zahanati. Wapo walioingia humo wakishika matumbo yao, wakaambiwa warudi Alhamisi.

Asubuhi ile muuza mihogo akapita, akasimama, akasoma kwa sauti, neno moja moja. "Tume. Ya. Mabomba." Akatua sinia lake chini. "Kumbe ndio hawa?"

Kufikia saa nne palikuwa na ndoo mia mbili mlangoni. Hakuna aliyetukana wala kurusha jiwe. Walipanga ndoo tu, moja nyuma ya nyingine, mpaka kwenye kona. Mkurugenzi wa TUMBO akatokea dirishani, namaanisha alitoka nje kwa kupitia dirisha la nyuma.

Saa sita likafika gari jeupe lenye herufi tano ubavuni: KIMYA. Wakashuka watu wawili wenye miwani myeusi, wakaenda moja kwa moja kwa Chande, aliyekuwa akichora kuku kwenye ukuta wa mgahawa. Wakamchukua na brashi mkononi. Yule kuku mpaka leo ana mguu mmoja.

Siwatu alipofika mbio, alikuta kikaratasi kimebandikwa ukutani. Kilisema: "Mhusika yuko KIMYA. Kosa: UTATA. Maulizo: hakuna."

*

Alikisoma mara tatu. Alijua kimya ni nini, maana ameolewa miaka ishirini na mtu mpole. Lakini KIMYA ya herufi kubwa hakuijua. Akaenda kituo cha polisi.

"Nawatafuta KIMYA," akamwambia askari wa zamu.

Askari akatazama kushoto na kulia. "Mama, kimya."

"Ndiyo. Haohao."

"Nasema kimya!"

"Na mimi ndio nauliza, wako wapi?"

Akatolewa nje kwa heshima, ameshikwa mkono mmoja tu.

Kutoka hapo akapelekwa ofisi ya malalamiko, ambako kuna fomu. Fomu yetu ya malalamiko ni nzuri sana. Ina nafasi ya jina, ya picha, ya vidole kumi, na mwisho kabisa, mahali pa lalamiko lenyewe, ina visanduku vinne, herufi moja kila kisanduku. Siwatu alitaka kuandika kwamba mume wake amechukuliwa na watu asiowajua. Akaandika MUME, visanduku vikaisha.

Karani akaisoma, akamtazama kwa huruma. "Mume. Tumekuelewa, mama. Maombi ya waume hayapokelewi hapa. Jaribu msikitini au kanisani."

Siku kumi na moja zikapita hivyo. Siku ya kumi na mbili alikuwa akipita kwenye kijiwe cha vijana, wale wanaokaa juu ya matairi wakinywa kahawa na kuhukumu dunia. Mmoja wao, kijana wa kike aitwaye Pendeka aliyekuwa akitengeneza simu za watu, akamwita.

"Mama Siwatu, bado unatafuta kirefu cha KIMYA? Sisi tunacho."

"Sema, mwanangu."

"Kamata, Ingiza, Mfunge Yeyote Aulizaye."

Wakacheka. Mwingine akadakia: "Na TUMBO? Tumeishi Ukame, Mabomba Bado Ovyo!"

Siwatu naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, akacheka mpaka akaishika nguzo. Kisha alipomaliza kucheka akabaki ameishika ileile nguzo, na machozi yakamtoka, na vijana wakatazama vikombe vyao.

"Hicho ni kirefu chenu," akasema akijifuta kwa ncha ya kanga. "Nakipenda. Lakini mimi nataka chao. Mtu akinichukulia mume wangu, aniambie jina lake lote."

Akarudi nyumbani. Mchana kweupe, mlango wazi, akatandika shuka jeupe kwenye cherehani, akashona kwa uzi mwekundu herufi za urefu wa mkono: KIREFU CHAKE NINI? Akalitundika barazani.

Siku ya tatu akaja Mkuu wa KIMYA mwenyewe, Afande Dilunga, mwanamume mwenye shingo pana na sauti ya kunong'ona.

"Mama, umeshona nini hapa?"

"Swali, afande."

"Lishushe."

"Kwa sheria gani?"

"Kwa SHEMAPU, kifungu cha nne."

"Kirefu chake nini?"

Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake uliotukuka afande aliulizwa jambo ambalo hakuwa amewahi kujiuliza. Akalivuta shuka mwenyewe, akalikunja vibaya, akaondoka nalo kwapani. Siwatu akamtazama mpaka gari likapotea, kisha akatoa kabatini shuka la pili.

Wiki ile mashuka yakawa matatu, wiki iliyofuata yakawa thelathini. Watu hawakuandamana, kwa sababu kuandamana kumekatazwa. Waliuliza tu, na hakuna aliyekumbuka kukataza kuuliza, maana wakubwa walidhani tumeshasahau namna yake. Mkuu wa wilaya alipokuja kuhutubia sokoni akasema, "MKUWI ipo pamoja nanyi," na sokoni kote, wauza nyanya na wanunuzi, wakaitikia kwa adabu kama watoto wa shule: "Kirefu chake nini?" Akashuka jukwaani kabla ya kufika kwenye pongezi.

Hapo wakubwa wakakaa kikao. Nimeambiwa kwamba ni Afande Dilunga aliyetoa wazo. "Mtu aliyepotea analeta maswali," alinong'ona. "Mtu aliyehukumiwa ni jibu. Tumpeleke mahakamani."

*

Hivyo ndivyo kesi ilivyokuja kwetu.

Hakimu alikuwa Bi Kapinga, mama wa miaka hamsini na tisa, amebakiza miezi mitatu astaafu. Alikuwa na ugonjwa ambao wakubwa walikuwa wakiuvumilia: alipenda sentensi yenye mwanzo na mwisho.

Chande akaletwa. Amekonda, shati lake lingewatosha wawili kama yeye. Alimtafuta mkewe kwa macho, akampata mstari wa mbele, akamwonyesha kucha zake. Zilikuwa safi. Siwatu akageuza uso pembeni, maana katika miaka ishirini hakuwahi kuziona hivyo.

Wakili wa serikali, Bwana Fungameza, akasimama, akavuta joho. "Mheshimiwa, mshtakiwa alikamatwa na KIMYA kwa kosa la UTATA."

"UTATA ni nini?"

"Uandishi wa Taarifa Tatanishi, Mheshimiwa. Nina kibali cha kutamka."

"Aliandika taarifa gani?"

"Aliandika, Mheshimiwa, nanukuu: Tume ya Mabomba."

"Ni uongo?"

"Hapana, Mheshimiwa. Ni kweli. Ndiyo maana inatatanisha. Wananchi waliposoma wakaelewa, na walipoelewa wakaleta ndoo."

Bi Kapinga akaandika kitu, akakipigia mstari. "Na hao waliomkamata. KIMYA. Kirefu chake nini?"

Wakili akamtazama Afande Dilunga. Afande Dilunga akatazama dari. Pakawa na kimya kirefu. Niliandika hivyo kwenye jalada, "kimya kirefu", na wakili akaruka kupinga, akisema karani ametoa kirefu bila kibali.

"Karani ameandika alichosikia," hakimu akasema. "Bwana Fungameza, nakusubiri."

"Mheshimiwa, kirefu cha KIMYA ni siri ya usalama wa taifa."

Hapo Siwatu akasimama. Hakuruhusiwa, lakini alisimama.

"Mheshimiwa, nina siku arobaini na tatu nauliza. Nimeuliza polisi, nimeuliza malalamiko, nimemwuliza huyu afande barazani kwangu. Sasa naambiwa ni siri. Hapana. Haniambii kwa sababu hajui."

"Kaa chini, mama," hakimu akasema kwa upole. "Umeshasema nililotaka kulisema mimi." Akanigeukia. "Karani, hiki chombo kiliundwa kwa tangazo la gazeti la serikali. Nenda masijala ukalilete."

Nilikwenda kwa kuwa niliamriwa. Nasisitiza hilo. Nilikwenda mbio, na hilo sikuamriwa. Tangazo nililipata kwenye sanduku la chini, nikalifuta vumbi, nikarudi nalo mahakamani, na hakimu akaniamuru nilisome kwa sauti.

Nikasoma: "Kutokana na wimbi la mayai viza lililoikumba nchi, kunaundwa Kitengo cha Mayai, kwa kifupi KIMYA, kitakachokuwa na mamlaka ya kukamata, kushikilia na kupasua yai lolote litakaloshukiwa kuoza."

Nikageuza ukurasa kutazama kama kuna marekebisho. Hayakuwepo. Wimbi la mayai viza lilikuwa limekwisha miaka mingi, bwana mifugo aliyekuwa mkuu akastaafu, lakini kitengo kilikuwa na gari, kilikuwa na mamlaka ya kushikilia, na kilikuwa na jina linalofaa. Mkubwa mmoja akakiona, akakipenda. Hakuna aliyerudi kusoma.

Bi Kapinga akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Afande Dilunga, simama. Mshtakiwa ni yai?"

"Siyo, Mheshimiwa."

"Umemshikilia siku ngapi?"

"Arobaini na tatu, Mheshimiwa."

"Yai huanguliwa kwa siku ishirini na moja," hakimu akasema. "Hata angekuwa yai, angekuwa ameshatoka. Mahakama inamwachia huru."

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni mwanamke, nyuma, karibu na mlango. Kicheko kilitoka naye mlangoni, kikashuka ngazi, kikafika barabarani, na tukakisikia kikienda sokoni. Wakili aliomba watu washtakiwe kwa kucheka. Hakimu akamwuliza kwa kifupi gani.

*

Msidhani kwamba nchi iliponywa siku ile. Bi Kapinga alistaafishwa wiki mbili baadaye, kwa manufaa ya umma, akapewa saa ya ukutani isiyotembea. Mimi nimehamishiwa masijala ya chini, ambako nina matangazo ya serikali ya miaka arobaini na muda wa kutosha wa kuyasoma. Maji Kisimakavu bado hayajatoka. Lakini mlango wa kugonga unajulikana, na unagongwa kila siku.

Nililokusudia kuwaambia hasa ni la siku ya pili baada ya hukumu, maana nililiona kwa macho yangu, nilipotumwa kupeleka hati ya hakimu ya kumwachia Chande makao ya KIMYA, ambako alikuwa amerudishwa kuisubiri.

Afande Dilunga alikuwa mezani. Chande amesimama upande mmoja, Siwatu upande wa pili, na kati yao kuna karatasi ambayo ndugu wa mhusika lazima atie saini ndipo aondoke na mtu wake. Imeandikwa: "Mhus. katolewa KIMYA. Hana dai."

Siwatu akaisoma, akaisukuma nyuma. "Sitii saini."

"Mama, hukutaka mumeo? Huyu hapa. Mchukue."

"Mume wangu aliingia humu na jina. Sitamtoa na herufi."

Chande alikuwa na njaa, kila mtu aliiona. Midomo yake ilikuwa imepauka, na nje palikuwa na jua na watu wake. "Mke wangu," akasema taratibu, "twende nyumbani."

Siwatu akamtazama, na nikaona akitetereka. Mkono wake ulikwisha kuanza kuifuata kalamu. Lakini Chande mwenyewe alikuwa ameinama kuitazama ile karatasi, kama anavyotazama ukuta kabla ya kuupaka. Akaitazama muda mrefu.

"Ngoja," akasema. "Pana pengo hapa."

Akavuta kiti cha wageni, akaketi, akakunja mikono. Siwatu akavuta cha pili, akaketi kando yake. Kiti cha tatu hakikuwepo, mimi nikaegemea ukuta.

Wakakaa. Afande akatishia, wakakaa. Akatoka, akarudi, akapiga simu mahali, akasikiliza, akasema "ndiyo mzee" mara sita. Alipoweka simu chini uso wake ulikuwa umebadilika. Huko juu hawakutaka watu wawili wanaokataa kutoka kizuizini mwa Kitengo cha Mayai wakati nchi nzima inacheka. Akachukua karatasi nyeupe.

"Niandike nini?"

"Andika," Siwatu akasema, akitamka polepole kama anayempimia mtu nguo. "Sisi, Kitengo cha Mayai, tulimkamata Chande Mtepa, mchora mabango, mume wa Siwatu, bila kosa lolote, kwa sababu aliandika jambo la kweli mahali ambapo watu wangeweza kulisoma."

Ilimchukua muda. Alikuwa na mwandiko wa mtu aliyezoea kutia saini tu. Kwenye "wangeweza" alikwama, Chande akamsaidia herufi moja moja, bila kejeli, kama anavyomsaidia mteja.

"Tumalize?" Afande akauliza, jasho likimtoka.

"Bado. Andika: Tunaomba samahani."

Afande akainama. Kalamu ikatembea, ikasimama. Aliandika SAMA, akaweka nukta, akashika muhuri.

"Malizia," Siwatu akasema.

"Mama, si inaeleweka hivyo?"

"Kwenu. Malizia."

Afande Dilunga akamtazama, akamtazama na Chande, akanitazama hata mimi. Hakuna aliyemwokoa. Akauweka muhuri chini, akaifuta nukta kwa kidole gumba, na herufi nne zilizobaki akaziandika moja baada ya nyingine, huku sisi watatu tukizihesabu.